Redio Isiyohitaji Betri Wala Umeme: Tathmini ya Seti ya Kujiundia Redio ya Kristali

Mwezi Machi nilinunua kwa dola 39 seti ya vipuri vya kujiundia redio ya kristali, yaani redio isiyo na betri, isiyochomekwa ukutani na isiyo na paneli ya jua, ambayo husikika kwa nguvu ileile iliyomo ndani ya mawimbi inayoyapokea. Niliinunua kwa ajili ya mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12, ambaye kila kifaa kinachoharibika nyumbani huomba akifungue kabla hakijatupwa. Tumekaa nayo majuma saba katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu huko Rogers Park, Chicago, tukiiunda, tukiibomoa na kuiunda upya, na kwa kuwa sikupata maelezo yoyote ya Kiswahili kuhusu seti za aina hii kabla ya kutoa fedha zangu, nimeona ni vyema niandike niliyoyaona. Nitangulize hukumu yangu: vipuri karibu vyote ni vizuri, kipuri kimoja kilicho roho ya redio hakikuwa kile kilichoandikwa kwenye kisanduku, na kijitabu cha maelekezo kimeyapa mistari minne tu mambo mawili ambayo ni zaidi ya nusu ya redio yenyewe, nayo ni waya wa antena na waya wa ardhi. Muuzaji sitamtaja, kwa sababu seti za namna hii huuzwa na wengi na hufanana hadi rangi ya kisanduku, na nitakayoyasema yatamfaa mnunuzi wa yoyote kati yazo.

Nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kuitaka redio hii. Nilipokuwa mtoto huko Kilifi, redio ya baba ilitumia betri kubwa nne, zile tulizoziita mawe, na mawe yalipoanza kuisha sauti ilififia kidogo kidogo hadi mtu akalazimika kulaza sikio juu ya spika ili asikie matangazo ya vifo ya Idhaa ya Taifa. Mama aliyatoa na kuyaanika juani juu ya bati kutwa nzima, jioni yakarudishwa, nayo yakatupa nusu saa nyingine. Nimeishi na wazo kwamba redio ni kitu kinachokula, na kwamba asiye na pesa ya mawe hana habari. Niliposoma ukubwani kwamba iko redio isiyokula chochote, na kwamba watu walikuwa wakijiundia nyumbani tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, nilitamani kuishika kwa mikono yangu.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na ubao mdogo wa msonobari uliokwisha kutobolewa, bomba la kadibodi lenye kipenyo cha sentimita 6, mita 20 za waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita uliopakwa vanishi, kapasita ya kugeuza kwa kitufe, dayodi moja, kisikizio kimoja cha sikio, vibano vinne vya chuma, skrubu, mita 5 za waya mwembamba ulioitwa antena, na kijitabu cha kurasa 8. Hakuna kulehemu, kwa maana kila kiungo hukazwa kwa skrubu, jambo ambalo nalipongeza kwa sababu linamwezesha mtoto kuifanya kazi yote mwenyewe bila kushika chuma cha moto. Ubao ulikuwa umepigwa msasa vizuri. Waya wa shaba ulikuwa wa daraja la juu, vanishi yake haikuwa na mikwaruzo, na ulikuja umeviringwa kwa unadhifu kwenye kigurudumu chake, tofauti na waya wa bei rahisi unaofika umejikunja mafundo.

Ni lazima nieleze kidogo jinsi redio hii inavyofanya kazi, kwani bila hilo lawama zangu hazitaeleweka. Mtambo wa kituo cha redio humwaga nguvu angani pande zote, na waya wowote mrefu uliotundikwa juu huokota chembe ndogo mno ya nguvu hiyo, ambayo hupita ndani ya waya ikielekea ardhini. Njiani imewekewa koili, yaani ule waya wa shaba ulioviringwa kwenye bomba la kadibodi, na kapasita, ambazo kwa pamoja huitikia masafa mamoja kwa nguvu na kuyaacha mengine, kama ngoma iliyokazwa inavyovuma kwa sauti yake tu. Ukigeuza kapasita, unabadili ni masafa gani yanayoitikiwa. Dayodi huruhusu umeme kupita upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, na kwa kufanya hivyo hulikwangua wimbi lenyewe na kubakiza umbo la sauti iliyobebwa juu yake, ambayo kisikizio huigeuza kuwa mtikisiko wa hewa sikioni. Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo sauti inakuzwa. Kile kilichookotwa na waya ndicho pekee kilichopo, kwa hiyo kila kipuri dhaifu na kila kiungo kilicholegea humla msikilizaji sehemu ya kile kidogo alichonacho.

Kuviringa koili kulituchukua jioni nzima, na hapa kijitabu kinastahili sifa kamili. Kinaagiza mizunguko 90, kila mmoja ukigusana na mwenzake bila kupandana, na kina mchoro mzuri unaoonyesha mtoto akigeuza bomba badala ya kuzungusha waya, hila ambayo iliokoa kazi yetu. Mpwa wangu aliketi sakafuni, akafunga kigurudumu cha waya kwenye mguu wa kiti, akarudi nyuma hadi waya ukakaza, kisha akawa anasogea mbele polepole huku akigeuza bomba na kuhesabu kwa sauti. Alipofika 61 alipiga chafya na mizunguko kama kumi ikafumuka. Akairudia bila kuulizwa. Koili ilipokwisha iling'aa kama bangili pana ya shaba. Ncha mbili za waya zilikwanguliwa vanishi kwa msasa hadi shaba tupu ikaonekana, hatua ambayo kijitabu kimeiandika kwa herufi nene, na ni haki yake, kwani vanishi ikibaki hata kidogo umeme haupiti.

Kisha tukaifunga redio yote kama mchoro ulivyotaka, tukatandaza zile mita 5 za antena kando ya dirisha, tukafunga waya wa ardhi kwenye bomba la kupashia nyumba joto, mpwa wangu akaweka kisikizio sikioni na kugeuza kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakusikia kitu. Tulikagua viungo mara tatu. Usiku wa pili alisikia kwa mbali sana kitu kama mnong'ono wa mtu aliye nyuma ya mlango, kisha ukapotea.

Kosa la kwanza tulilipata kwenye dayodi. Kisanduku kimeandikwa kwamba dayodi ni ya jemaniamu, aina ya 1N34A, na ndiyo inayotakiwa, kwa sababu jemaniamu huanza kupitisha umeme kwenye shinikizo dogo la volti 0.2 au 0.3, ilhali dayodi ya kawaida ya silikoni husubiri hadi volti 0.6 hivi, na kwa redio inayotegemea chembe zilizookotwa na waya, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kusikia na kutosikia. Niliiweka ile dayodi kwenye mita ya kupimia umeme, nayo ikasoma 0.61. Mpwa wangu akachukua kioo cha kukuzia, akaisogeza karibu na taa, na ubavuni mwa kile kipande cha kioo chekundu chenye mstari mweusi akasoma tarakimu nne zilizochapwa kwa rangi hafifu: 4148. Hiyo ni dayodi ya silikoni ya bei ya chini kabisa, ambayo hutumika katika kila kifaa cha kielektroniki kwa kazi nyingine kabisa. Niliagiza dayodi tano halisi za jemaniamu kwa dola 6 kutoka duka jingine. Zilipofika, tofauti ilionekana hata kabla ya kupima: ni kubwa zaidi, kioo chake ni cheupe, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unaona ndani yake waya mwembamba kama unywele, uliopindwa, ukigusa kwa ncha kipande kidogo cha kijivu. Mita ilisoma 0.27.

Unywele huo una nasaba ndefu, na nilimsimulia mpwa wangu tulipokuwa tukiutazama. Mwaka 1874 mwanafizikia wa Ujerumani, Karl Ferdinand Braun, aligundua kwamba ncha ya waya ikigusa madini fulani, umeme hupita upande mmoja kwa urahisi zaidi kuliko upande wa pili. Jagadish Chandra Bose wa Kolkata alitumia madini ya galena kunasa mawimbi, akapewa hataza ya Marekani mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Greenleaf Whittier Pickard akapewa yake kwa kutumia silikoni. Kwa hiyo jina la redio ya kristali linatokana na kile kipande cha jiwe, ambacho msikilizaji wa zamani alikuwa akikidokoa kwa ncha ya waya hadi apate mahali penye kusikika. Dayodi ya jemaniamu ni mpango uleule wa kristali na waya, isipokuwa vimefungiwa ndani ya kioo ili visisogee.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu dayodi. Jibu lilikuja siku ya tisa, likiwa la adabu, likinirudishia dola 5 na kusema kwamba shehena moja ilichanganywa. Nalikubali hilo kama lilivyo. Hata hivyo, mtoto asiye na mita ya kupimia wala mtu mzima wa kumsaidia angeamini kwamba yeye ndiye aliyekosea, angeiweka redio kabatini, na hilo linanihuzunisha kuliko zile dola, maana seti hii inauzwa kwa watoto.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi, na halitokani na shehena. Mwaka 1922 Ofisi ya Viwango ya Marekani ilitoa waraka wa kuwafundisha wananchi kujiundia redio ya kristali nyumbani, wakati ambapo utangazaji ulikuwa ndio kwanza umeanza. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilikuwa kimetangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920, na kila mtu alitaka kusikia. Waraka ule unazitaja sehemu za lazima za kituo cha kupokelea kuwa ni antena, swichi ya kukingia radi, waya wa ardhi, chombo cha kupokelea, na kisikizio. Tazama mpangilio huo: kile tunachokiita redio kimekuja nafasi ya nne. Kijitabu cha seti yangu kimeipa antena na ardhi mistari minne kwenye ukurasa wa 7, radi hakikuitaja kabisa, na kinasema kwamba mita 5 za waya zilizotandazwa chumbani zinatosha. Kwa mtu anayeishi chini ya mnara wa kituo huenda zikatosha. Sisi tuko yapata kilomita 30 kutoka mtambo wa WGN ulioko Elk Grove Village, kituo chenye nguvu ya wati 50,000 kinachotangaza kwenye kilohezi 720, na kwa umbali huo mita 5 za ndani ya nyumba hazikutupa zaidi ya ule mnong'ono.

Tulinunua mita 20 za waya wa kawaida wenye ganda la plastiki. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tuliufunga kutoka nguzo ya baraza ya nyuma, zile baraza za mbao ambazo nyumba nyingi za zamani za Chicago zinazo, ukapita ubavuni mwa nyumba hadi kwenye mti ulio mbele, mita 18 kwa jumla, ncha zote mbili zikiwa zimefungwa kwa kamba ya nailoni ili waya usiguse mbao wala mti. Nguzo za umeme ziko kwenye kichochoro cha nyuma, kwa hiyo tuliuelekeza waya upande wa mbele, mbali kabisa na nyaya hizo, na ninamsihi kila atakayejaribu afanye vivyo hivyo: waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, wala usiwe mahali ambapo ukikatika utaziangukia. Mawingu mazito yanapoanza kukusanyika, antena huchomolewa kwenye redio na kuunganishwa moja kwa moja na ardhi, au ncha yake huachwa nje ya nyumba. Mpwa wangu ameandika kanuni hiyo kwa kalamu nyekundu na kuibandika mlangoni.

Ardhi nayo ilihitaji kazi. Bomba la joto tulilolitumia mwanzo lilikuwa na rangi tabaka juu ya tabaka, na hata tulipoikwangua halikusaidia sana. Tulihamia bomba la maji baridi chini ya sinki la jikoni, ambalo katika jengo letu ni la chuma na linaingia ardhini, tukalisugua kwa msasa hadi likang'aa, tukakaza kibano juu yake. Bomba la gesi lisiguswe kabisa kwa kazi hii, na tundu la ardhi la soketi ya umeme pia lisitumike. Anayeishi nyumba ya chini yenye uwanja anaweza kupigilia fimbo ya chuma au ya shaba kwenye udongo wenye unyevu, na huenda akapata ardhi nzuri kuliko yetu.

Jioni ile tuliyounganisha vyote vitatu, dayodi halisi, antena ya nje na bomba la maji, mpwa wangu aliweka kisikizio, akatulia, kisha akakitoa na kukitazama. "Mjomba, mbona inasema na hatujaiwasha?" Nilikichukua. Sauti ya mwanamume ilikuwa ikisoma hali ya barabara, safi, ya karibu, bila mkwaruzo wowote wa nyuma, kwa sababu hakuna ndani ya redio kitu cha kuzalisha mkwaruzo. Nimesikiliza redio maisha yangu yote na sijawahi kusikia sauti ya binadamu ikija kwa utulivu wa namna ile. Tulipokezana kisikizio hadi saa nne usiku.

Baada ya furaha hiyo tuligundua kwamba kituo kimoja hakikuwa peke yake. Chicago ina vituo kadhaa vya masafa ya kati vyenye nguvu kubwa, vikiwemo vya 670, 720, 780, 890 na 1000, na redio iliyoundwa kama kijitabu kinavyotaka, yaani antena ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha koili, hukusanya 720 na 780 kwa wakati mmoja popote utakapogeuza kitufe, kama watu wawili wanaozungumza ndani ya daladala. Sababu ni kwamba antena ndefu na dayodi zote mbili huielemea koili, na koili iliyoelemewa huwa haichagui kwa ukali. Dawa yake ni ya miaka mingi na haigharimu kitu: wakati wa kuviringa, kila baada ya mizunguko 10 unaukunja waya kuwa kitanzi kidogo kinachochomoza, unakikwangua vanishi, na baadaye unachagua ni kitanzi kipi kitapewa antena na kipi dayodi. Tulifumua koili yote na kuiviringa upya kwa vitanzi, na zile mita 20 za waya zilitosha. Kitanzi cha mzunguko wa 20 kutoka upande wa ardhi tulikipa antena, cha mzunguko wa 50 tukakipa dayodi, na papo hapo vile vituo viwili vikaachana. Sauti ilipungua kidogo, lakini kila kituo kikawa na mahali pake kwenye kitufe, na 670 ya michezo, ambayo awali haikuonekana kabisa, ikajitokeza upande wa chini.

Kwa anayeishi hapa mjini nitaongeza kwamba kituo cha 780, WBBM, ndicho bora kwa kurekebishia redio, kwa kuwa ni cha habari mfululizo na hutoa hali ya barabara na ya hewa kila baada ya dakika 10, dakika zinapoishia na 8. Muziki hupanda na kushuka, lakini msomaji wa habari hukaa kwenye kiwango kimoja, na sikio hutambua upesi kama badiliko ulilofanya limesaidia.

Kuhusu kisikizio, ni kizuri na nadhani ndicho kipuri cha thamani zaidi kisandukuni. Ni cha aina ya kauri, ambacho hutoa sauti kwa umeme mdogo sana, na visikizio vya simu haviwezi kukaa mahali pake kwa sababu huidai redio umeme ambao haina. Lakini kauri haipitishi umeme mnyoofu, yaani unaoelekea upande mmoja tu, hivyo umeme uliokwisha kupita kwenye dayodi hujilimbikiza bila njia ya kutokea, na sauti hukwama na kupotoka. Rezista moja, yaani kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme, ya omu 47,000 ikiunganishwa sambamba na kisikizio huumaliza mlimbikizo huo. Haimo kisandukuni wala mchoroni. Tulipoiweka, herufi za "s" na "sh" zilizokuwa zikipasuka zilinyooka mara moja. Rezista hii ni ya senti chache, na kuikosa katika seti ya dola 39 ni uzembe wa mtengenezaji ambao unarekebishika katika chapa inayofuata bila kupandisha bei.

Nyuma ya kijitabu kuna nusu ukurasa kuhusu askari waliokuwa Anzio, Italia, mwaka 1944, ambao walijiundia redio mahandakini kwa kutumia wembe badala ya kristali, na ninafurahi kwamba mtengenezaji aliiweka habari hiyo, kwa kuwa ilimfanya mpwa wangu asinipe raha hadi tujaribu. Nilichoma wembe mimi mwenyewe kwa koleo juu ya jiko hadi uso wake ukawa na rangi ya buluu, tukaufunga ubaoni, tukachonga risasi ya penseli na kuifunga kwenye ncha ya pini ya kubania nguo, kisha tukatoa dayodi na kuweka hiyo badala yake. Kwa karibu saa nzima alisogeza ncha ya penseli juu ya wembe, milimita moja moja, huku ameshikilia pumzi. Ghafla 720 ikaingia, hafifu kuliko kwenye dayodi lakini maneno yakieleweka, na mlango ulipofungwa na upepo ncha ikateleza na kituo kikatoweka. Alitafuta tena dakika ishirini. Jioni hiyo alielewa kazi ya dayodi kuliko nilivyoweza kumweleza kwa mchoro wowote.

Wasomaji walioko Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki wanahitaji neno la pekee kabla ya kuagiza. Redio hii hupokea masafa ya kati, yale yaliyoandikwa AM au MW kwenye redio za kawaida, na siku hizi vituo vingi vya kwetu ni vya FM, ambavyo redio ya kristali iliyoundwa hivi haiwezi kuvipokea. Chukua kwanza redio ya kawaida yenye AM, itoe nje ya nyumba mchana, mbali na taa na chaja, upitie masafa yote taratibu. Kama kiko kituo kinachovuma kwa nguvu hata ukishusha antena na kugeuza redio pande zote, basi unaweza kukipata kwa kristali. Kama unasikia vituo hafifu tu, au vya usiku pekee, usinunue, maana hata antena ndefu haitageuza mnong'ono kuwa sauti. Tena kwa Afrika vituo vimepangwa kwa hatua za kilohezi 9 kuanzia 531, siyo 10 kama hapa Marekani, lakini hilo haliathiri koili. Mizunguko ileile 90 inafaa.

Na kama kituo kipo, sina hakika kwamba unahitaji seti hata kidogo. Bomba la kadibodi laweza kuwa kopo la plastiki la mafuta ya kupikia au kipande cha bomba la maji, ilimradi kipenyo kikaribie sentimita 6. Waya wa shaba wenye vanishi hupatikana kwa mafundi wanaoviringa upya mota na transfoma, nao huuza kwa uzito. Kapasita ya kugeuza imo ndani ya redio yoyote mbovu ya zamani yenye kitufe cha kutafutia vituo, na redio za zamani za transista mara nyingi huwa na dayodi ya jemaniamu karibu na hapo. Kipuri kinachosumbua ni kisikizio cha kauri pekee, na hicho ningekiagiza. Niliponunua seti nililipia urahisi wa kupata vyote mahali pamoja, ubao uliotobolewa, na ile furaha ya mtoto kufungua kisanduku chenye jina lake, na kwa hayo sijutii.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya seti hii ni kwamba inunuliwe na mtu aliye na mambo matatu: kituo chenye nguvu cha masafa ya kati kisichozidi umbali wa kilomita 40 au 50, mahali pa kutundika waya wa mita 15 au zaidi nje ya nyumba, na mtu mzima mwenye subira. Akiipata, apime dayodi siku ileile, aongeze rezista ya omu 47,000, aviringe koili kwa vitanzi tangu mwanzo bila kungoja kufumua kama sisi, na ule waya wa mita 5 autumie kwa kazi nyingine. Akifanya hivyo, atakuwa na chombo ambacho sioni kitakachokiharibu, kwani hakina cha kuisha. Mtoto mdogo chini ya miaka 9 nadhani atachoshwa na koili. Anayetaka redio ya kusikilizwa na familia nzima mezani asiinunue, kwa sababu sauti yake ni ya sikio moja tu.

Yetu sasa imefungwa kando ya mlango wa baraza ya nyuma, na pembeni yake limening'inizwa daftari ambamo mpwa wangu ameandika kila kituo na vitanzi vyake. Kurasa za 670, 720 na 780 zimekwisha. Ya 890, ambayo mtambo wake uko Tinley Park, kusini, zaidi ya kilomita 50 kutoka hapa, ina tarehe nne zilizoandikwa na neno "hafifu" mbele ya kila moja, na Jumamosi ijayo, hali ya hewa ikiruhusu, tutaurefusha waya kwa mita 7.